Chai Moto Katikati ya Ziwa

Nyumbani kwa Mama Pacha siku huanza na birika. Kabla pacha wake hawajaamka na kuanza kugombea kiti kimoja, kabla mume wake hajashika msumeno, birika huwa limeshachemka. Kikombe cha kwanza hupelekwa chumba cha uani, kwa mama yake mzazi. Wajukuu wanamwita Bibi, na siku hizi mtaa mzima unamwita Bibi. Bibi hukishika kikombe kwa mikono miwili, akakipima joto kwa viganja. Chai ikiwa vuguvugu, anairudisha. Hagombi wala haguni. Anairudisha tu, na aliyerudishiwa anajijua.

Mume wa Mama Pacha ni fundi seremala. Mtaani anaitwa Fundi Kubana, kwa sababu viungo vyake vya mbao havina upenyo hata wa kupitisha unywele. Jina hilo lina chanzo chake. Mwaka waliooana alimtengenezea mama mkwe wake mlango, na kwa haraka ya kumfurahisha akaacha mwanya chini. Mjusi akapita kwenye mwanya ule, akaenda moja kwa moja hadi kitandani. Asubuhi Bibi hakusema mengi. Alisema, "Mlango mzuri, baba. Nimepata na mgeni." Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo, kitu kikitoka mikononi mwake, hata hewa ikitaka kupita lazima ipige hodi.

Fundi huyohuyo ndiye aliyetengeneza mashua ya tanga, uani kwake, kwa mbao zilizobaki kwenye kazi za watu. Ilichukua miaka. Majirani walimuuliza kama ni mashua au banda la kuku lililolewa. Yeye alicheka, akaendelea kupiga randa. Siku ya kuiingiza ziwani aliipaka jina ubavuni kwa rangi nyekundu: MTASEMA. Ikaelea. Haikuingiza hata tone. Majirani wakasema kweli, safari hii kwa kusifu.

Mama Pacha naye alikuwa miongoni mwa waliocheka. Lakini siku tanga lilipojaa upepo mara ya kwanza na mashua ikaanza kukata maji, roho yake iliruka kama ya mtoto. Hapohapo akapata wazo ambalo halikumtoka tena. Bibi amefua nguo kwenye ufuko wa ziwa lile maisha yake yote. Amelitazama asubuhi na jioni. Hajawahi kupanda chombo hata siku moja. Na miguu yake imeanza kuchoka. Ngazi tatu za mlangoni sasa anazipanda kwa kushika ukuta. Mama Pacha alitaka kumpeleka majini kabla miguu haijakataa kabisa.

Alimweleza. Bibi akafikiri, kisha akatoa sharti lake.

"Nitakuja," alisema. "Ila mimi chai ya chupa sinywi. Mkiweza kunichemshia chai hukohuko katikati ya maji, niiteni."

Mama Pacha alitoka chumbani akikimbia. Wakapanga Jumamosi.

Siku chache kabla, yeye na Fundi waliwachukua pacha wakaenda kufanya majaribio. Mama Pacha alibeba jiko lake la mkaa. Walipotia nanga mahali palipotulia, aliliweka mbele kabisa ya mashua, kwa sababu huko kulikuwa na nafasi na alikuwa akiona ufuko wote. Alipuliza mkaa huku akiimba. Mkaa ukashika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Moshi wote ulirudi nyuma, ukawaingia watu machoni. Pacha wakaanza kukohoa. Fundi aliigeuza mashua kwa kasia, lakini alipoacha tu, ikajirudisha ilipokuwa. Mara cheche ikaruka, ikatua juu ya tanga lililokunjwa. Waliposikia harufu, tobo la kupitisha kidole lilikuwa limeshaungua. Fundi alimwaga ndoo nzima ya maji, juu ya tanga, juu ya jiko, na kidogo juu ya mke wake.

Walirudi nyumbani. Mama Pacha alikuwa amelowa na masizi yamempaka usoni. Kilichomuuma hasa ni kwamba aliiona Jumamosi ikimtoroka.

"Usijali," Fundi alimwambia. "Tutapika kwa gesi. Nitatengeneza jiko la ndani, kule kwenye kichumba cha chini cha mashua. Upepo hautafika, cheche hakuna."

Akajifungia karakana. Alitengeneza sanduku la kuwekea mtungi mdogo wa gesi, lenye mfuniko, na juu yake pahali pa kukalia jiko. Lilikuwa zuri mpaka mtu alitaka kulipapasa. Pembe zake zilibanwa na gundi, na mfuniko ulikaa kimya bila hata kulia. Fundi alilijaza maji mbele ya mke wake. Halikuvuja. Mama Pacha alipiga makofi. Alianza kuosha vikombe vya safari siku hiyohiyo.

Alhamisi akaingia Shangazi.

Huyu ni dada mkubwa wa Fundi. Amepika kwenye meli za mizigo nusu ya maisha yake, na sauti yake bado ni ya mtu anayeshindana na injini. Alikuwa amesikia habari za safari, na alikuja kujialika. Alimkumbatia Mama Pacha, akamtania kwamba amesikia wifi yake siku hizi anachoma matanga badala ya samaki. Wakacheka. Kisha wakampeleka karakana aone sanduku.

Shangazi alilizunguka. Alipitisha kidole kwenye viungo. Alimsifu mdogo wake kwa moyo mweupe. Halafu akauliza litakaa wapi, na Fundi akamjibu kwamba litakaa chini, ndani ya kichumba. Uso wa Shangazi ukabadilika.

"Gesi ikivuja," aliuliza, "itatokea wapi?"

"Haitatoka, dada," Fundi alijibu kwa kujidai. "Humu hakitoki kitu."

"Basi umetengeneza bomu zuri sana, mdogo wangu."

Mama Pacha alimtazama mume wake, akaona masikio yamemwiva. Alitaka kumtetea. Akasema kwamba gesi ni hewa, na ikivuja si itapaa tu ijiendee zake? Nyumbani yeye hufungua dirisha la juu.

Shangazi hakumcheka. Alimwomba amletee mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, chupa ya siki, na magadi ya unga, yale ya kuokea keki. Akahakikisha mtungi wa gesi uko mbali, nje kabisa. Akaisimamisha mishumaa ndani ya sanduku tupu, akaiwasha. Kwenye bakuli akatia magadi, akalishusha bakuli mpaka kwenye sakafu ya sanduku.

"Hiki nitakachotengeneza si gesi ya kupikia," alieleza. "Hiki hakiwaki. Lakini vinafanana kitu kimoja. Vyote viwili ni vizito kuliko hewa. Tazameni."

Akamimina siki. Bakuli likatoa povu. Hawakuona kitu kingine chochote. Pacha, waliokuwa wamechungulia, wakaanza kusema kwamba hakuna kitu. Mara mshumaa mfupi ukasinyaa, ukazimika. Hakuna aliyeupuliza. Wakatazamana. Shangazi akaongeza magadi na siki. Baada ya muda mshumaa mrefu nao ukayumba, ukafa.

"Mnaona? Imejaa kuanzia chini, kama maji kwenye beseni. Na imekaa humohumo, kwa sababu sanduku limebana. Gesi ya kupikia nayo inafanya hivyohivyo. Ikitoka kwenye mtungi inashuka. Haitafuti dirisha la juu, wifi. Kwenye mashua inateremka hadi tumboni, chini ya mbao za sakafu, inalala huko. Huioni. Siku mtu anawasha kiberiti, ndiyo siku mnajua ilikuwepo."

Mama Pacha aliitazama mishumaa iliyozimika. Bibi angekaa ndani ya kichumba kile, kwa sababu ya kivuli. Gesi ingejikusanya miguuni pake. Mama Pacha alikaa chini kwenye benchi la useremala, juu ya vumbi la randa, bila kujali gauni.

Shangazi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. Alisema hata gesi isipovuja, moto wowote ndani ya kichumba kilichofungwa, uwe wa mkaa au wa gesi, unakula hewa ya watu na unaweza kutoa sumu isiyo na harufu. Watu husikia usingizi tu. Wengine hawaamki. Kwa hiyo jiko la mashua kama yao litakaa nje, kwenye upepo.

"Lakini upepo ndio uliotuchomea tanga," Fundi alisema.

"Mliliweka wapi?"

"Mbele."

Shangazi akapiga paja lake kwa kicheko. Akachukua kiatu cha mtoto, akakifunga kamba puani, akakivuta juu ya benchi. Mashua ikitia nanga, alieleza, nanga inaishika puani, yaani mbele, na upepo unausukuma mwili wote uelekee nyuma. Basi yenyewe inageuka kuutazama upepo, hata ukiigeuza kwa kasia mara mia. Ukiweka moto mbele, moshi na cheche vinapita juu ya watu wote na matanga. Ukiuweka nyuma kabisa, vinaenda majini. Fundi alikishika kiatu, akakivuta mwenyewe mara mbili tatu. Taratibu tabasamu likamrudia.

Halafu akageuka kulitazama sanduku lake. Tabasamu likapotea.

"Kwa hiyo nilivunje," alisema.

"Nani kasema ulivunje? Kubana kwako ndiko kunakotakiwa. Gesi isipenye kuingia upande wa watu. Umekosa kitu kimoja tu. Litoboe chini kabisa, pahali pa chini kuliko pote. Tia bomba nene, lishuke bila kupinda, litokee nje ya mashua, juu ya usawa wa maji. Ikivuja, ishuke, itoke, ipotelee ziwani."

Fundi alichukua keekee yake ya kutobolea mbao. Akaipachika ncha nene. Akaliinamia sanduku, lakini hakutoboa. Mama Pacha alimjua mume wake. Tangu mlango ule wa mjusi, hajawahi kuacha tundu kwenye kazi yake, na sasa alitakiwa atoboe kazi nzuri kuliko zote, tena akijua mama mkwe atakuja kuikagua. Mama Pacha aliinuka. Akalishika sanduku kwa mikono miwili ili lisiyumbe.

"Toboa, baba," alimwambia. "Mimi nimelishika."

Akatoboa. Mlio wa keekee ulipokwisha, waliliinua sanduku juu ya mbao mbili, Shangazi akawasha tena mishumaa, akamimina tena siki. Mshumaa mfupi ulitikisika kidogo, ukaendelea kuwaka. Pacha wakashangilia. Mmoja wao aliweka mkono chini ya tundu kutafuta kama atakishika kile kitu kinachotoka.

Kuanzia hapo nyumba ilikuwa kama ya harusi. Ijumaa yote walishinda kwenye mashua. Sanduku walilifunga nyuma, nje, bomba lake likitokea ubavuni mwa mashua, na mtungi ukasimama wima ndani yake, umefungwa kwa mkanda usianguke. Jiko Fundi alilitundika kwenye vyuma vya ukingo wa nyuma, likaning'inia juu ya maji, ili hata kitu kikimwagika, kimwagikie ziwani. Alilizungushia kingo za bati kuzuia upepo, na vyuma vya kushika sufuria isiteleze. Mama Pacha alichagua sufuria zenye vifuniko vya kukaza. Shangazi alimwonya asijaze sufuria zaidi ya nusu, kwa sababu wimbi haliombi ruhusa. Pembeni, si juu ya jiko, wakatundika mtungi wa kuzimia moto na blanketi zito. Mama Pacha aliuliza kwa nini wasitegemee ndoo, maana maji wanayo ziwa zima. Shangazi akamwambia kwamba mafuta yaliyoshika moto yakimwagiwa maji yanaruka na moto wake. Yanafunikwa.

Jumamosi upepo ulikuwa mzuri. Bibi alishuka gatini akiwa na kanga yake mpya na jaketi la kuelea juu yake, akalalamika kwamba linamfanya afanane na gunia la pamba. Fundi na mke wake walimshika huku na huku. Mguu wake wa kwanza ulipokanyaga mashua, alisimama. Akakanyaga wa pili. Kisha akakaa kwenye mlango wa kichumba, kwenye kivuli. Tanga lenye kiraka likajaa. Ufuko aliofulia nguo miaka yote ukaanza kuwa mdogo. Mama Pacha alimwangalia mama yake badala ya kuangalia ziwa. Bibi alikuwa ameushika ukingo kwa nguvu, na alikuwa anacheka peke yake.

Walipofika katikati, wakashusha tanga, wakatia nanga. Mashua ikageuka yenyewe kuutazama upepo, kama kile kiatu. Kitambaa walichofunga nyuma ili kuonyesha upepo kikapepea kuelekea majini. Mama Pacha alivaa aproni, akafunga kanga isining'inie, akafungua mfuniko wa sanduku. Kiberiti alikiacha mfukoni. Kwanza alifungua mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye kichwa cha mtungi na mwanzo wa mpira wa gesi, kama Shangazi alivyomfundisha.

Povu likavimba. Likatoa kipovu kikubwa, kikapasuka, kikafuata kingine.

"Inavuja," alisema.

Aliufunga mtungi palepale. Hakupiga kelele, wala mtu hakukimbia. Fundi aliwaambia pacha wakae mbele karibu na Bibi, na mtu asiwashe kitu chochote. Mfuniko ukaachwa wazi. Shangazi aliinama juu ya ukingo, akaweka pua karibu na mdomo wa bomba, akainuka haraka.

"Inatokea huku," alisema. "Inashuka ziwani."

Mama Pacha alimtazama mama yake pale mlangoni pa kichumba. Chini ya miguu ya Bibi palikuwa na hewa safi tu. Kama sanduku lingekaa kichumbani bila tundu, gesi ile ingekuwa inajaa sakafuni, miguuni pake. Akajifuta macho kwa aproni, akarudi kazini.

Walisubiri mpaka harufu ikaisha. Fundi alifungua kichwa cha mtungi, akakuta mpira mdogo wa kuzibia umejikunja. Alikuwa na mwingine mfukoni. Akaubadilisha, akakaza. Povu likapakwa tena. Wote waliinama kulitazama, vichwa vimegusana. Halikuvimba. Wakalitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo Mama Pacha alipowasha kiberiti, moto wa buluu ukazunguka duara juu ya maji, na pacha wakapiga vigelegele vilivyosikika hadi gatini.

Birika lilichemka. Moshi haukuwepo, cheche haikuwepo. Samaki na viazi vikafuata zamu yao. Mama Pacha alimimina kikombe cha kwanza, akakipeleka kwa Bibi kwa mikono miwili. Bibi alikishika, akakipima kwa viganja. Bibi akanywa. Hakukirudisha.

Fundi alikuwa anafunga mtungi baada ya mapishi, mfuniko wa sanduku uko wazi. Bibi aliinuka taratibu, akashika ukingo, akasogea kuona kazi ya mkwe wake. Alipapasa pembe. Alipapasa mfuniko. Akachungulia ndani, mpaka chini. Akanyoosha kidole.

"Baba," alisema, "hapa umesahau kuziba."

Fundi aliinua kichwa, na safari hii masikio yake hayakuiva.

"Sijasahau, mama," alisema. "Hapo nimepaacha kwa makusudi. Ni mlango wa mgeni. Akija, atoke, asifike kitandani kwako."

Bibi akamkumbuka mjusi. Kicheko kilimjia kutoka mbali, kikamtikisa na lile jaketi lake, mpaka Shangazi akalazimika kumshika mkono. Fundi naye akacheka, kicheko alichokizuia miaka yote ile. Mashua nzima ikacheza.

Siku hizi watu wenye mashua huja karakana kwa Fundi Kubana kutengenezewa masanduku ya gesi. Kabla hawajayachukua, yeye huwaonyesha tundu lililo chini kabisa ya sanduku, na huwawashia mishumaa.

Lakini siku ile, Bibi alipomaliza kucheka, aliketi tena mahali pake mlangoni pa kichumba. Akanyoosha mkono wenye kikombe kitupu kuelekea kwa binti yake.

"Ongeza," alisema. "Na iwe moto hivihivi."